Kazi ya Maabara Huanza Kabla ya Hadubini

Wanafunzi wengi wapendao sayansi husema wataka kuwa madaktari. Wachache husema wataka kuwa wapimaji wa maabara. Labda ni kwa sababu mgonjwa humwona daktari, bali mpimaji hamwoni. Lakini dawa apewayo mgonjwa mara nyingi hutegemea maneno machache yaliyoandikwa na mtu huyo asiyeonekana. Basi yafaa tuieleze kazi yake, maana mfano wake tunao karibu.

Hapa Luzira, katika barabara ya Butabika, zipo maabara za taifa za afya. Miongoni mwake ni maabara kuu ya kifua kikuu, ambayo mwaka 2013 ilitambuliwa na Shirika la Afya Ulimwenguni kuwa maabara ya kuzisaidia nchi nyingine pia. Sampuli hutoka hata wilaya za mbali: vijana wa pikipiki huzikusanya katika zahanati, wakazifikisha vituoni, kisha zikaletwa huku.

Tuanze na makohozi. Mpimaji huyapaka juu ya kioo, huyatia rangi nyekundu na kuyapasha moto, kisha huyaosha kwa tindikali. Kijidudu cha kifua kikuu kina ngozi yenye nta, kwa hiyo huishika rangi ile wala tindikali haiitoi. Vitu vingine hupoteza wekundu wao, vikapokea rangi ya buluu. Lakini ili vijidudu vionekane kwa hadubini sharti viwe vingi, kiasi cha 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja. Mashine ya GeneXpert, iliyokubaliwa na Shirika la Afya Ulimwenguni mwaka 2010, huweza kuvigundua hata vikiwa kama 130 tu, kwa muda wa saa mbili hivi; tena hueleza kama vimekuwa sugu kwa dawa ya rifampisini.

Walakini mgonjwa akitema mate ya mdomoni badala ya makohozi ya kifuani, mashine hiyo ya thamani yaweza kujibu kwamba hakuna kitu. Naye atarudi nyumbani na ugonjwa wake, akawaambukize watoto wake.

Mfano wa pili ni mtoto mchanga wa mama mwenye virusi vya UKIMWI. Kipimo cha kawaida hutafuta askari wa mwili wanaopigana na virusi, si virusi vyenyewe. Mtoto huwapata askari hao kwa mama yake, nao waweza kudumu katika damu yake hata miezi 18. Kwa hiyo kipimo hicho chaweza kusema “ndiyo” hata kwa mtoto asiye na virusi. Ndiyo sababu mtoto huchomwa kisiginoni, matone ya damu hukaushwa juu ya karatasi maalum, na karatasi hupelekwa maabara ili virusi vyenyewe vitafutwe. Damu iliyokauka vizuri husafiri bila barafu. Ikifungwa ingali mbichi, huharibika.

Sasa fikirini karatasi mbili zikibadilishwa majina. Mtoto mmoja atanyweshwa dawa asizozihitaji, na mwenzake atakosa zile za kumwokoa. Hakuna mashine iwezayo kugundua kosa hilo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo jina la mgonjwa huandikwa ubavuni mwa kikopo, si juu ya kifuniko, kwa maana vifuniko huchanganyika.

Wakati nao ni adui. Damu ya kupimwa sukari ikiachwa chupani, chembe zake zi hai bado, nazo huendelea kula sukari, kiasi cha 5 hadi 7 kwa mia kila saa. Ikichelewa njiani bila kutayarishwa, jibu litakuwa pungufu, ingawa mpimaji hakukosea.

Mpimaji mwema hujipima na yeye mwenyewe. Kabla ya kazi ya siku hupima sampuli ambayo jibu lake lajulikana. Jibu likija tofauti, kazi husimama mpaka sababu ipatikane.

Atakaye kazi hii na ashike sana Baiolojia, Kemia, Fizikia na Hesabu. Vyuo Vikuu vya Makerere na Mbarara hutoa digrii yake, na vipo vyuo vya stashahada. Nanyi mliomaliza shule mkawa waganga na wauguzi, kumbukeni kwamba mkono uchukuao sampuli ni nusu ya maabara.

Ninyi mlio shuleni anzeni sasa, katika maabara yetu. Andikeni jina na tarehe katika kila chupa. Na katika daftari andikeni mlichokiona, si mlichotazamia kukiona, wala alichokiona jirani.