Siku ya Mapumziko ya Mkimbiaji

Usoke ni mji mdogo katika Wilaya ya Urambo, Mkoa wa Tabora. Uko kando ya reli iendayo Kigoma. Kabla ya reli hiyo kufika Kigoma mwaka 1914, bidhaa zilisafirishwa kwa miguu. Misafara ilitoka pwani hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na kila mmoja alibeba mzigo wa kilo 30 hivi. Misafara hiyo haikutembea kila siku. Ilikuwa na siku za kutua. Lakini hata siku hizo wapagazi hawakulala kutwa. Walitafuta chakula, walichota maji na kukata kuni. Katika somo hili tutajifunza kwa nini mkimbiaji naye anahitaji siku ya kutua, na namna ya kuitumia.

Mwanafunzi wa Usoke

Tumfikirie mwanafunzi wa darasa la tano hapo Usoke. Baada ya wiki sita shule itachagua wakimbiaji wa mita 800. Yeye hajazoea kukimbia. Kwa kuogopa kuachwa, anakimbia kila siku kwa nguvu zake zote. Siku ya kumi anasikia maumivu kwenye muundi, na anaanza kuchechemea. Sasa ana hofu mbili. Akiendelea, ataumia zaidi. Akipumzika, wenzake watampita. Je, wewe ungemshauri nini? Ili tujibu vizuri, yatupasa kujua yanayotokea ndani ya mwili.

Mwili baada ya mbio

Misuli imeundwa kwa nyuzi nyembamba sana. Ukikimbia kuliko ulivyozoea, baadhi ya nyuzi hizo hupata mipasuko midogo isiyoonekana kwa macho. Ndiyo maana kesho yake au kesho kutwa miguu huuma na kukaza. Maumivu ya namna hiyo huisha baada ya siku chache.

Wakati huo mwili hutengeneza nyuzi zilizopasuka. Hutumia protini tunayoipata katika maharage, karanga, samaki na maziwa. Pia hurudisha akiba ya nguvu iliyotumika. Wanga wa ugali na mihogo hugeuzwa kuwa sukari, na sehemu yake huwekwa katika misuli na ini.

Mifupa na kano nazo huimarika, lakini polepole. Moyo na mapafu huzoea mapema zaidi. Kwa hiyo mkimbiaji mpya hujiona ana nguvu za kuendelea, kumbe mifupa ya miguu yake haijawa tayari. Fundi anayejenga ukuta wa udongo huacha safu ya chini ikauke kabla ya kuongeza ya juu. Akifanya haraka, ukuta hubomoka. Mbio huanzisha kazi ya kuimarisha mwili, na mapumziko huimaliza.

Kupumzika si kulala kutwa

Tukikaa bila kujongea kwa muda mrefu, damu hupita polepole miguuni na viungo hukaza. Tukitembea, misuli ya miguu huibana mishipa na kuisukuma damu irudi moyoni. Damu mpya huleta oksijeni na chakula, na huondoa takataka za mwili. Kwa sababu hiyo matembezi mepesi huyalegeza maungo yaliyokaza.

Jaribio

1. Keti kimya kwa dakika 5. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Hesabu mapigo kwa nusu dakika, kisha zidisha kwa 2.
2. Tembea polepole kwa dakika 10. Hesabu tena mara tu unaposimama.
3. Kimbia kwa kasi kwa dakika 1. Hesabu mara ya tatu.

Andika majibu yako katika jedwali. Utaona kwamba mapigo ya matembezi huzidi kidogo yale ya kuketi, na mapigo ya mbio huyapita yote. Kazi ya siku ya mapumziko iwe karibu na ile ya matembezi. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kuhema, basi kazi hiyo ni nyepesi.

Kazi ipi inafaa?

Kutembea, kuendesha baiskeli taratibu penye tambarare na kunyoosha viungo ni kazi zinazofaa. Mchezo mkali wa mpira haufai. Angalia pia kazi za nyumbani. Maji ya ndoo ya lita 20 yana uzito wa kilo 20. Kuyabeba mwendo mrefu si mapumziko. Ikiwa siku fulani ni lazima uchote maji mengi au ulime, ihesabu kuwa siku ya kazi nzito, na mbio uzifanye siku nyingine. Usiku ulale saa 9 au zaidi, kwani mwili hujijenga sana wakati wa usingizi.

Maumivu yakiwa mahali pamoja tu, au mguu ukivimba, au ukichechemea, acha kukimbia. Mwambie mzazi au mwalimu, nawe upelekwe zahanati.

Sasa tumjibu mwanafunzi wetu. Kwanza aache mbio na atibiwe muundi wake. Akipona, akimbie Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na siku za katikati atembee. Bado ana zaidi ya wiki nne, na nguvu alizokwisha kupata hazipotei kwa siku chache za mapumziko. Mwaka 1974 Mtanzania Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch, New Zealand, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Kasi kama hiyo hujengwa kwa miaka, si kwa siku kumi.

Maswali

1. Kwa nini miguu huuma siku inayofuata mbio?
2. Matembezi mepesi husaidiaje damu kurudi moyoni?
3. Taja dalili tatu zinazomtaka mkimbiaji aache mbio.
4. Andika kazi zako zote za wiki moja. Chagua siku zako za mbio na siku zako za mapumziko, na ueleze sababu.