Mafuta ya Haidroliki ya Trekta: Yabadilishwe Kabla ya Masika

Kila mkulima wa skimu ajua kwamba masika hayamngoji mtu. Shamba lisilolimwa mapema huota majani, na mbegu hubaki ghalani. Pale ambapo trekta moja hulima mashamba ya watu wengi, siku likishindwa kuinua plau si mtu mmoja apataye hasara, bali kikundi kizima. Mara nyingi chanzo cha ugonjwa huo ni kidogo: mafuta ya haidroliki yamechafuka, au chujio lake limeziba.

Haidroliki ni nini?

Ni njia ya kuinua mzigo kwa nguvu ya mafuta yaliyosukumwa. Katika karne ya 17 mtaalamu wa Ufaransa, Blaise Pascal, alieleza kwamba ukiyasukuma maji yaliyofungiwa pahali, msukumo huenea sawasawa pande zote. Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland, aliitumia kanuni hiyo kuinulia plau. Trekta lake dogo la TE20, lililotengenezwa Uingereza kutoka mwaka 1946 hadi 1956, liliieneza kazi hiyo katika nchi nyingi.

Pampu huvuta mafuta na kuyasukuma mpaka kwenye silinda. Pistoni husogea, na mikono ya trekta hupanda. Mafuta hayo hayo huilainisha pampu na kuipoza. Chujio huzuia mchanga na vipande vya chuma. Likiziba, pampu hukosa mafuta, hulia, na mwisho hufa. Bei ya pampu mpya haiwezi kulinganishwa na bei ya chujio.

Kwa nini mafuta huharibika?

Huku kwetu Likoni, Kisauni na Changamwe yako maadui wawili. Wa kwanza ni vumbi la wakati wa kulima. Wa pili ni hewa yetu yenye unyevu. Trekta likipoa usiku, unyevu ulio ndani ya tangi hugeuka matone ya maji na kuingia katika mafuta. Ukiona mafuta yamekuwa meupe kama tui la nazi, jua kwamba yana maji. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, yamepata moto kupita kiasi.

Yabadilishwe lini?

Kitabu cha mtengenezaji ndicho chenye amri. Hesabu huwa hasa kwa saa za kazi, zisomwazo katika mita ya trekta. Chujio hubadilishwa mara nyingi kuliko mafuta. Mafuta yakionyesha maji, usingoje saa zitimie. Nunua aina iliyoandikwa kitabuni. Katika matrekta mengi mafuta ya haidroliki ndiyo pia ya giaboksi na breki za ndani, kwa hiyo ukikosea aina utaharibu vyote vitatu.

Namna ya kufanya kazi

1. Endesha injini kama dakika 10 na uinue na kushusha mikono, ili mafuta yapate moto kidogo na uchafu utoke nayo. Simamisha trekta pahali palipo sawa, shusha plau mpaka chini, zima injini, toa ufunguo, vuta breki ya mkono, na uzuie magurudumu kwa mawe. Kisha sogeza wenzo wa haidroliki huku na huku ili msukumo uliobaki uishe.

2. Safisha kwa burashi na mafuta ya taa pande zote za kizibo, chujio na mdomo wa kutilia mafuta. Usifungue kitu penye upepo wa vumbi.

3. Weka karai kubwa chini, fungua kizibo, na uache mafuta yaishe. Kizibo kikiwa na sumaku, kitazame. Unga laini wa chuma ni jambo la kawaida. Vipande vikubwa ni dalili ya kumwita fundi.

4. Toa chujio la zamani, na uhakikishe mpira wake haukubaki umenata. Paka mpira wa chujio jipya mafuta safi, kisha ulikaze kwa mkono kama ilivyoandikwa. Chujio la karatasi halioshwi. Chujio la waya huoshwa kwa mafuta ya taa safi na kukaushwa kwa hewa, si kwa kitambaa chenye nyuzi.

5. Rudisha kizibo na washa mpya. Tia mafuta kwa faneli safi mpaka kwenye alama.

6. Washa injini polepole, inua na kushusha mikono mara kadhaa ili hewa itoke. Zima, pima tena, ongeza panapopungua.

7. Andika daftarini tarehe, saa za mita, aina ya mafuta na idadi ya lita.

Mashine ya kukatia majani yenye kiti, ikiwa magurudumu yake huendeshwa kwa haidroliki, hutunzwa kwa kanuni hizi hizi, ila kipimo na namna ya kutoa hewa vifuatwe kitabuni.

Hatari mbili

Usitafute pahali panapovuja kwa kidole. Msukumo wa haidroliki waweza kuwa zaidi ya mara 50 ya hewa ya tairi la gari, na mafuta membamba kama uzi hupenya ngozi. Tumia kipande cha kadibodi. Mtu akipenywa, hata kama alama ni ndogo kama ya sindano na haimuumi, apelekwe hospitali saa ile ile. Akichelewa aweza kukatwa mkono.

Hatari ya pili ni kumwaga mafuta machafu. Ardhi yetu ya pwani ina mawe ya matumbawe yenye matundu, na kinachomwagwa juu hushuka upesi kwenye visima tunavyonywa. Mwaka 1988 mafuta yalimwagika katika hori la Makupa, na mikoko ikafa. Yatie mafuta yako machafu katika dumu lenye kifuniko, liandike, lisitiwe tena maji wala tembo, na uwape wakusanyaji wenye kibali cha NEMA.

Basi tazama mita ya trekta lenu leo, ulinganishe na daftari. Ikiwa daftari halipo, hiyo ndiyo kazi ya kwanza.