Dagaa wa Kibirizi wanahesabika, wagonjwa je?

KAMA hujawahi kufika Kibirizi, umekosa mambo. Ni mwendo mfupi tu kaskazini mwa mjini Kigoma, ukifuata ufuko wa Ziwa Tanganyika. Hapo utakuta mwalo, dagaa walioanikwa, migebuka inayokwenda kwa bei ya ubishi, na maboti ya mbao yanayopakia abiria na magunia kuelekea Gombe, Mwamgongo hadi Kagunga, mpakani na Burundi. Kila beseni la dagaa pale lina mwenyewe na lina bei yake. Jua halijawa kali, jamaa wameshajua usiku ulileta nini.

Sasa niulize: mwezi uliopita, kwenye ufuko huohuo, ni watu wangapi walihara, wangapi walijifungua, na wangapi walizikwa? Tafadhali msomaji, usikimbilie ukurasa wa mapenzi kwanza. Hili nalo linakuhusu.

Ukienda zahanati na daftari lako la dukani, mhudumu anaandika mara mbili. Anaandika kwenye daftari lako, halafu kwenye kitabu kikubwa kilichopo mezani. Kitabu hicho ni sehemu ya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambao tunao tangu miaka ya 1990. Namba 5 ni cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 12 cha wanaojifungua. Mwezi ukiisha, muuguzi yuleyule aliyekesha akizalisha anakaa chini na kalamu, anahesabu mstari kwa mstari na kujaza fomu ya kupeleka halmashauri. Huko hesabu zinaingizwa kwenye kompyuta, kwenye programu ya DHIS2 iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo kule Norway, na Dodoma wanaziona. Akikosea kujumlisha saa nne usiku, taifa zima limekosea naye.

Usidhani ni makaratasi ya bure. Katikati ya miaka ya 1990, Wizara ya Afya pamoja na shirika la IDRC la Canada walianzisha mradi wa TEHIP huko Rufiji na Morogoro. Watu wakapita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani kafa na kafa kwa nini. Kumbe! Morogoro malaria ilikuwa inachukua asilimia 30 ya miaka ya uhai inayopotea, lakini ilikuwa inapewa asilimia 5 tu ya fedha za afya. Kifua kikuu, ambacho mzigo wake haukufika asilimia 4, kilikuwa kinapata asilimia 22. Wakuu wa afya wa wilaya wakapanga upya, kwa nyongeza isiyofika hata dola mbili kwa kila mtu. Miaka michache baadaye vifo vya watoto vilikuwa vimeshuka kwa karibu asilimia 40. Hakukuwa na muujiza, walijua tu watoto wanakufa kwa nini.

Lakini Rufiji watu wana nyumba za kugongewa hodi. Ziwani ni habari nyingine. Dagaa wakihama, mvuvi naye anahama. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, watu wanapumzika. Mwaka 2024 Serikali ililifunga ziwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Ukikuta wagonjwa wamepungua kwenye kitabu cha miezi kama hiyo, utasema afya imeimarika au watu wamekwenda zao?

Tuseme zahanati ya ufukweni imepangiwa watoto 100 wa kuchanja kwa mwaka, kwa hesabu za sensa. Wakija na wa kwenye maboti wanafika 120. Ripoti inasema asilimia 120, mkubwa anapiga makofi, na kule juu ziwani walikotoka wale 20 inaonekana akina mama ni wazembe. Au mvuvi ameanza dawa za kifua kikuu Kibirizi, akaendelea nazo kijiji kingine. Kitabu cha kwanza kinamwita mtoro, cha pili kinamwita mgeni. Mtu ni mmoja!

Na hesabu ya kitu kilichogawiwa si hesabu ya kitu kinachotumika. Utafiti wa 2017 uliiweka Kigoma juu kabisa kwa malaria ya watoto wadogo, asilimia 24. Chandarua kikigawiwa, kitabuni kinasomeka kimefika. Ila utafiti uliochapishwa 2014, uliofanywa kwenye vijiji saba vya ziwa hili, ulikuta nyumba zaidi ya 8 kati ya 10 zinatumia chandarua kuvulia. Mimi simlaumu mtu ambaye watoto wake wanalala njaa, lakini mpangaji anayesoma fomu peke yake hawezi kuliona hilo.

Mei 2015 ziwa lilitoa mtihani mkali zaidi. Makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walijazana Kagunga, pembezoni kabisa, na meli kongwe Liemba ikawa inawasomba kuwaleta Kigoma. Kipindupindu kikaingia. Kufikia Mei 22, Umoja wa Mataifa ulitaja wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31, na kila siku waliongezeka wengine mia tatu, mia nne. Ugonjwa wa namna hiyo haungoji fomu ya mwisho wa mwezi. Ndiyo maana magonjwa ya mlipuko yana njia yake ya haraka, ya simu. Namba ikichelewa wiki moja, maji ya dripu nayo yanachelewa.

Tena namba inaweza kunyamazishwa. Mnasemaje kuhusu korona? Mwanzoni mwa Mei 2020 Tanzania ilifika wagonjwa 509, na baada ya hapo hesabu ikaganda zaidi ya mwaka mzima, hadi katikati ya 2021. Kompyuta zilikuwepo, vitabu vilikuwepo.

Mpango mkakati wa tano wa sekta ya afya ulipangwa kuishia Juni 2026, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inadai mgonjwa atambulike popote aendapo. Kwa hiyo mfumo ujao inabidi umfuate mtu, sio jengo. Namba moja, Kibirizi hadi Kagunga, na muuguzi aandike mara moja tu. Na ile ripoti ya mwezi irudi ufukweni, ibandikwe pale mwaloni penye kelele za bei, wavuvi waone mwezi huu kuhara kumepanda.

Hapo kuna la kuangalia. Namba inayokufuata inakufuata na siri zako, na kwenye mwalo mdogo kila mtu anamjua mwenzake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Ila mpaka leo, kwenye zahanati nyingi kitabu namba 5 kinakaa wazi mezani, na aliye nyuma yako kwenye foleni anasoma jina lako na unachoumwa.