Kitanzini Si Jina la Bure

Katikati ya mji wa Iringa, si mbali na soko, kuna mtaa uitwao Kitanzini. Kutwa nzima watu hupita hapo na vikapu vyao, wengine wakienda kununua vitenge, wengine wakirudi na mboga, na ni wachache wanaposema “nakwenda Kitanzini” ambao hukumbuka kwamba wanataja kamba ya mnyongaji. Wazee wa mji husema kuwa hapo ndipo Wajerumani walipowanyonga watu mbele ya macho ya umma. Jina hilo halikutungwa na kamati yoyote. Lilitungwa na waliosimama wakatazama.

Wasomaji wetu wa Visiwani, ambao pengine huijua Iringa kwa viazi na baridi yake tu, hatuna budi kuwaeleza kwanza habari ya mji huu. Neno lenyewe Iringa latokana na lilinga, yaani ngome katika Kihehe. Iringa ya asili ilikuwa Kalenga, makao ya Mtwa Mkwawa, iliyozungushiwa ukuta wa mawe. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, majeshi ya Wahehe yaliliangamiza jeshi la Emil von Zelewski, na yeye mwenyewe akauawa. Wajerumani walijibu tarehe 30 Oktoba 1894, walipoivunja Kalenga kwa mizinga. Mkwawa akaponyoka. Mwaka 1896 Kapteni Tom von Prince akaanzisha mji mpya juu ya kilima, akaupa jina lile lile la ngome aliyoibomoa mkubwa wake. Mtu akikuvunjia nyumba kisha akajenga yake na kuiita kwa jina la yako, hilo nalo ni tamasha la namna yake.

Maisha ya kila siku katika mji ule mchanga yalikuwa ya soko na ya kambi. Palikuwa na askari kutoka Sudani na Unyamwezi pamoja na wake zao, wachuuzi waliopanda kutoka pwani na nguo na chumvi, na Wahehe walioteremka na nafaka na mifugo. Rupia ikaanza kupita mkononi mwa mtu ambaye jana alihesabu mali yake kwa ng’ombe. Na kodi ya nyumba, iliyotangazwa mwishoni mwa 1897, ikamlazimisha kuitafuta hata asipoitaka. Hivyo watu walikuja mjini wapende wasipende, na pale palipo na watu mkoloni hakukosa la kuwaonyesha.

Tarehe 24 Desemba 1896 alionyesha kutawazwa kwa Mpangile, ndugu yake Mkwawa, aliyewekwa awe mtawala badala ya nduguye. Hazikupita siku sitini. Mwezi Februari 1897 Mpangile huyo huyo alinyongwa, akituhumiwa kushirikiana na Mkwawa kwa siri. Tuseme wazi jambo hili: mti wa kunyongea haukuhitaji kuwekwa mjini, kwa maana misituni miti haikupungua. Uliwekwa mjini ili uonekane, na ili aliyeuona aende kwao akasimulie. Lakini shabaha ile haikupatikana. Vita vya msituni viliendelea miezi kumi na saba baada ya kifo cha Mpangile, mpaka tarehe 19 Julai 1898, Mkwawa alipojiua kwa risasi huko Mlambalasi kuliko kukamatwa. Kichwa chake kikakatwa.

Wala Iringa haikuwa peke yake. Pangani walimwona Abushiri akinyongwa tarehe 15 Desemba 1889. Kilwa Kivinje, mwaka 1895, Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa pamoja na wenzake, na mwembe wa hapo ukaitwa Mwembe Kinyonga. Na ng’ambo ya bahari, katika mji wa Mankato nchini Marekani, tarehe 26 Desemba 1862 watu 38 wa kabila la Dakota walinyongwa kwa pamoja juu ya jukwaa moja, na umati ukakusanyika kutazama. Mwaka 1912 wenyeji wa mji ule waliweka jiwe lenye kutangaza tendo hilo kana kwamba ni sifa. Jiwe hilo likaondolewa mwaka 1971, na mwaka 2012 ikazinduliwa kumbukumbu iliyoandikwa majina ya walionyongwa. Iliwachukua miaka mia moja na hamsini.

Sisi tuna jiwe letu pia. Pale Lugalo, kando ya barabara kuu ya Morogoro, upo mnara uliojengwa na Wajerumani kwa ajili ya Zelewski na wenzake. Waliokuja kuvamia wana mnara. Walionyongwa mjini wana jina la mtaa tu. Hata fuvu la Mkwawa liliporudi Kalenga, tarehe 19 Juni 1954, lilirudi kwa gwaride la Gavana Twining, aliyemkabidhi Chifu Adam Sapi mbele ya maelfu ya watu. Tunashukuru kwamba lilirudi, ila tusisahau kwamba Mwingereza naye alijua faida ya kuonekana akitoa.

Kwa sababu hiyo tunalo neno kwa wakubwa wa serikali. Tangu kampeni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, mitaa na barabara za nchi hii zimekuwa zikibandikwa vibao. Kazi hiyo ni njema, lakini afisa mwenye haraka huweza kuona jina kama Kitanzini kuwa baya masikioni, akatafuta lenye kupendeza zaidi. Asifanye hivyo. Ndugu zetu wa Unguja wanalijua jambo hili: daraja la Darajani lilikwisha ondoka na hori lake likafukiwa, lakini jina limebaki, na kwa jina hilo mtoto wa leo hujua kwamba maji yalipita hapo. Tunaomba kibao cha Kitanzini kiandikwe Kitanzini, na chini yake yaandikwe maneno machache ya kueleza nani alinyongwa hapo na nani aliyenyonga. Wazee wenye kujua simulizi hizo waulizwe mwaka huu, wangali hai.