Betty: Ndege ya Kijapani Iliyozamisha Manowari, Kisha Ikabatizwa Kiberiti

Kama unadhani jina Mitsubishi ni la Pajero na Fuso pekee, keti kidogo. Kabla ya hizo gari, hao wasee walikuwa wanaunda ndege za vita, na moja yao ilikuwa noma kweli. Iliitwa G4M. Marekani na washirika wake waliipa jina la msichana: Betty.

Sasa skia vile hii stori ilianza. Jeshi la majini la Japani lilitaka ndege ya mabomu yenye injini 2 ambayo ingeenda karibu kilomita 4,700 bila mzigo, au 3,700 ikiwa na mzigo wa kilo 800. Injinia mkuu, Kiro Honjo, aliona hiyo hesabu haishikani. Akaomba injini 4. Wakubwa wakakataa katakata.

Ikabidi afinye kila mahali. Mabawa yenyewe yakageuzwa kuwa tangi za mafuta. Vyuma vya kukinga marubani? Zii. Tangi za kujiziba risasi ikipenya? Pia zii. Fikiria boda amebeba mtungi wa petroli mapajani, hana helmeti, na anaenda mbio hakuna mtu anamfikia. Hiyo ndiyo ilikuwa Betty, na ndani yake kulikuwa na wasee 7.

Mwanzo ilibamba

Tarehe 10 Desemba 1941, Betty pamoja na ndege nzee zaidi za G3M zilipata manowari 2 za Uingereza karibu na Malaya: Prince of Wales na Repulse. Zote zilizama siku hiyo hiyo. Mabaharia takriban 840 walikufa, na Wajapani wakapoteza ndege 3 tu. Dunia ikashtuka.

Singapore nayo ikaanguka Februari 1942. Wataalamu wa Uingereza wa kuvunja kodi za Wajapani walikuwa tayari wamehamia Colombo, na baada ya Colombo kupigwa mabomu Aprili, wakahamishiwa wapi? Mombasa! Walifanya kazi yao ndani ya shule ya Allidina Visram. Kwa hivyo hii vita haikuwa mbali na sisi vile tunadhani.

Kisha ikaanza kuwaka

Ndege za adui zilipokuwa kali na nyingi, siri ya Betty ikatoka. Risasi chache kwa bawa, moto. Ndiyo maana ikabatizwa kiberiti. Toleo la mwisho lilipewa kinga, lakini zilitengenezwa chache na muda ulikuwa umeyoyoma.

Aliyekufa maarufu kuliko wote ni Admirali Isoroku Yamamoto, aliyepanga shambulizi la Pearl Harbor. Wamarekani walinasa ujumbe wenye ratiba ya safari yake, na tarehe 18 Aprili 1943 ndege zao za P-38 zikamngoja angani kwa kisiwa cha Bougainville. Betty yake ilianguka msituni. Hakuna aliyetoka hai.

Machi 21, 1945 ilikuwa mbaya zaidi. Betty 18 zilitoka, nyingi zikiwa zimebeba Ohka, yaani bomu lenye rubani ndani. Zote 18 ziliangushwa.

Halafu kuna hii: Agosti 1945 Betty 2 zilipakwa rangi nyeupe na misalaba ya kijani, zikabeba wajumbe wa Japani hadi Ie Shima wakielekea kupanga kusalimu amri. Ndege iliyofungua vita kwa kishindo ndiyo ilienda kuomba amani.

Zimebaki wapi?

Zaidi ya 2,400 ziliundwa. Leo hakuna hata moja inayopaa. Ile ya Yamamoto bado imelala msituni Bougainville, nchini Papua New Guinea, na ukitaka kuiona lazima uelewane na wenye shamba. Kipande cha bawa lake kiko Nagaoka, mji aliozaliwa.

Nyingine ziko Ballale, kisiwa kidogo cha Solomon, vichakani kando ya uwanja wa ndege. Wafungwa Waingereza zaidi ya 500 waliokamatwa Singapore walipelekwa huko kujenga huo uwanja. Hakuna hata mmoja aliyerudi nyumbani.

Kwa hivyo ukiona picha za hayo mabaki yamefunikwa na majani, usione skrapu tu. Mengine ni makaburi. Honjo aliomba injini 2 zaidi, mkubwa fulani akasema hapana, na waliolipa bili ni vijana wa rika lako waliokaa ndani ya hilo tangi.

We ungekuwa Honjo, ungeendelea na kazi ama ungetoka?