Istilahi za Kuunganisha Programu na Hifadhidata

Ofisi nyingi siku hizi huweka kumbukumbu zake katika hifadhidata, na watumishi huzisoma kwa programu ya wavuti. Programu hiyo haizigusi kumbukumbu zenyewe. Hupeleka maombi kwa seva ya hifadhidata, nayo seva hujibu. Ili kuifikia seva, programu yahitaji kupewa anwani ya kompyuta, namba ya mlango, jina la mtumiaji na neno la siri. Katika kufasiri maelekezo ya kazi hii, mambo matatu yataka uangalifu.

Kwanza ni anwani 127.0.0.1. Mfasiri aweza kushawishika kuiita "seva ya hapa", na msomaji akadhani ni seva yoyote iliyomo ofisini. Kumbe anwani hiyo ni ya kompyuta ileile inayoitumia, na ujumbe unaopelekwa huko hautoki nje yake. Hifadhidata ikiwa katika kompyuta ya chumba cha pili, anwani hiyo haifai. Twapendekeza "seva ya kompyuta hiyohiyo".

Pili ni "mlango". Kompyuta moja yaweza kuwa na seva kadhaa, kila moja ikisubiri kwenye namba yake: kwa kawaida MySQL hutumia 3306, na PostgreSQL 5432. Neno "bandari" lapotosha, maana hapa hapashushwi shehena. Hubishwa hodi tu.

Tatu, na ndilo kubwa, ni taarifa za makosa. Katika MySQL, kosa namba 2003 humaanisha kwamba seva haikufikiwa: pengine haijawashwa, au namba ya mlango imekosewa. Kosa namba 1045 humaanisha kwamba seva imefikiwa, lakini haikukubali jina au neno la siri. Abishaye hodi penye nyumba tupu hawezi kusema amefukuzwa. Maelekezo yakiandika "umekataliwa" kwa makosa yote mawili, karani atabadilisha neno la siri mara kumi ilhali seva imezimwa, na wananchi wakimngoja dirishani. Twapendekeza "seva haikufikiwa" kwa kosa la kwanza, na "ruhusa imekataliwa" kwa la pili.

Basi mfasiri asiridhike na neno linalosikika vizuri tu. Na ajiulize: je, msomaji akilisoma, atajua aanzie wapi kutengeneza?