Je, wajua petroli iliyozama ardhini hutolewa kwa kuvuta hewa?

Tangi la sheli likitoboka chini ya zege, pale Kinyerezi, Dar es Salaam, hakuna atakayeliona. Petroli itashuka kimyakimya kati ya punje za mchanga, na pengine wa kwanza kujua atakuwa mama anayechota maji ya kisima yakamnukia. Huko Thange, Makueni nchini Kenya, bomba la mafuta la Mombasa–Nairobi lilivuja mwaka 2015, visima na mto vikachafuka.

Kuna njia ya kusafisha bila kuchimba eneo zima. Petroli hupenda kuruka na kuwa mvuke: benzini iliyomo ndani yake, inayosababisha saratani ya damu, huchemka kwenye nyuzi 80 tu. Mafundi hutoboa mashimo yasiyofika kwenye maji, wakashusha mabomba ya plastiki yenye nyufa nyembamba, kisha wakaziba juu ili hewa isipite njia ya mkato. Pampu ikianza kuvuta, hewa hupenya mchangani kuelekea bombani na kuzoa mvuke wa petroli njiani.

Hewa hiyo chafu hupitishwa kwenye mkaa maalumu, ambao mara nyingi hutengenezwa kwa vifuu vya nazi. Gramu moja tu ya mkaa huo ina vitundu ambavyo kuta zake zikitandazwa zinaweza kufikia mita za mraba 1,000, zaidi ya viwanja viwili vya mpira wa kikapu. Mvuke hunata humo. Tena oksijeni inayoingia ardhini huwapa nguvu bakteria wanaokula mafuta yaliyobaki, na hilo ndilo linalonivutia kuliko yote.

Mchanga hurahisisha kazi. Penye udongo mzito, kama kaolini ya vilima vya jirani vya Pugu, hewa hukwama. Maji ya ardhini yakipanda wakati wa masika, nayo huziba njia.

Wala si kila sumu huvutika hivi. Shambani Vikuge, Kibaha, ghala la dawa za wadudu liliporomoka; utafiti uliochapishwa 2004 ulikuta udongo wa juu wenye DDT hadi asilimia 28. DDT hairuki kirahisi, pampu haiiwezi.

Petroli tunaiweza. Sheli mpya ikijengwa Kinyerezi, tangi lizungushiwe mabomba machache yenye nyufa kabla zege halijamwagwa. Fundi atapima mvuke humo mara kwa mara, na tangi likivuja, pampu itafungwa kwenye mabomba yayo hayo.